Uyoga wa utomvu: andika rekodi kabla maziwa hayajakauka

Uyoga mkavu ndani ya bahasha ya hebaria, yaani hifadhi ya sampuli zilizokaushwa, hausemi mengi. Rangi imefifia, harufu imekwisha, na kwa Lactarius na Lactifluus, jenasi za uyoga unaotoa utomvu kama maziwa ukikatwa, utomvu huo ndio wa kwanza kutoweka. Rekodi huandikwa palepale porini, si jioni kambini.

Hatua ya 1. Piga picha, kisha uchimbue kwa kisu kuanzia chini ya shina. Usivute.

Hatua ya 2, na hapa usiwe na haraka. Chana mikunjo ya chini ya kofia kwa wembe huku ukitazama saa. Andika kama utomvu ni mwingi au haba, mzito au kama maji, rangi yake unapotoka, kisha baada ya dakika 1, 5 na 30. Dondoshea tone jingine kwenye karatasi nyeupe, maana kuna spishi ambazo utomvu hugeuka rangi ukigusana na nyama ya uyoga tu. Ukiwa peke yake haubadiliki. Usipouona, usiandike "hauna utomvu". Andika "haukutoka", na mvua ilikatika tangu lini.

Hatua ya 3. Taja mti. "Msituni" si rekodi. Katika miombo uyoga huu huishi na mizizi ya miti kama Brachystegia na Julbernardia, kwa hiyo chuma jani la mti wa karibu kama huujui. Ongeza GPS, mwinuko na tarehe.

Jina la kienyeji liandike kama mama aliyekuambia alivyolitamka, pamoja na lugha yake. Lactarius kabansus wa Zambia, uliotangazwa mwaka 1980, umebeba jina la wenyeji, kabansa.

Hatua ya 4. Namba yako ya ukusanyaji, ile unayoipa kila sampuli, iwe mfululizo mmoja maisha yako yote. Mimi nilikuwa naanza upya na 1 kila mwaka. Nikaishia na namba 14 mbili, uyoga tofauti kabisa.

Hatua ya 5. Pasua kwa urefu, kausha kwenye nyuzi 40 hivi penye hewa, mpaka kipande kivunjike kwa mlio. Tia kwenye bahasha pamoja na lebo.

Jina la kisayansi liache mwisho, tena weka "cf." (yaani "linganisha na") ukisita. Likibadilika, lebo ya zamani haifutwi: uliokuwa Lactarius edulis sasa ni Lactifluus edulis, na kinachoongezwa ni kikaratasi kipya chenye jina, tarehe na aliyeutambua.