Kufanya kazi nyumbani kwenye nyumba yenye watu: hatua ninazofuata

Kazi ya nyumbani ina tabia moja ambayo wateja wa mbali hawaijui: hukatizwa. Umeme unakatika, bando linaisha, mtoto anarudishwa shule mapema, jirani anakuja kuazima ngazi. Miongozo mingi inakuambia ujifungie mahali tulivu, kana kwamba kila mtu ana ghorofa lake peke yake. Mimi natafsiri nyaraka na kuandika mahojiano yaliyorekodiwa, na kazi hiyo yote naifanyia nyumbani, Tabata, Dar es Salaam. Ninachokiona kinasaidia ni kuipanga kazi ili ikikatizwa isife. Ari nayo inakuja kwa njia hiyohiyo, kwa sababu wingi wa kazi hauvunji mtu moyo kama kuianza upya kila baada ya nusu saa.

Hatua ya 1: Igawe kazi usiku, kwa kuangalia inahitaji nini

Kabla ya kufunga siku, andika kazi za kesho kwenye daftari la karatasi. Ukizihifadhi kwenye simu, utaishika kuangalia orodha na utajikuta kwenye kundi la WhatsApp la harusi. Kila mstari uwe na mwisho unaoonekana. "Kufanya tafsiri ya mkataba" haufai, maana ikifika mchana huwezi kusema umefika wapi. "Mkataba, kifungu cha 4 hadi 9" unafaa.

Halafu pembeni ya kila mstari weka herufi. M ni kazi isiyoenda bila mtandao, K inataka kompyuta tu, na P ni ya karatasi na kalamu. Ukurasa wangu wa siku ya kawaida unakuwa hivi:

K – Mkataba, kifungu cha 4 hadi 9
M – Istilahi za bima. Kumuuliza mteja kuhusu jedwali la 2
K – Mahojiano, dakika 0 hadi 20 (faili limeshashushwa)
P – Kupitia tafsiri ya jana iliyochapwa
M – Kutuma ankara

Umeme ukikatika saa nne asubuhi, huna haja ya kukaa barazani ukiuliza mtaa mzima kama na kwao umekatika. Unafanya za K mpaka chaji iishe, unaingia kwenye P, na mtandao ukirudi unamalizia za M. Mistari mitano inatosha. Na uwe mkweli kwenye hesabu: saa moja ya sauti safi hula kama saa nne za kuiandika, na sauti iliyorekodiwa sokoni hula zaidi. Anayejipangia saa mbili za sauti kwa siku moja ameshajikosesha raha kabla hajaamka.

Hatua ya 2: Chagua saa zako, kisha zilinganishe na za mteja

Kila nyumba ina saa zake za utulivu. Kwetu ni kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja, kisha tena saa tatu hadi saa sita watoto wakiwa shuleni. Chunguza nyumba yako kwa wiki moja, uone kelele zinaanza lini na zinatoka wapi. Kazi nzito ya kichwa ipangie saa hizo, nyepesi ziende mchana. Mwezi wa Ramadhani mimi huhamishia kazi nzito baada ya daku, maana saa tisa alasiri kichwa cha mfungaji kinakuwa kimeshaaga.

Kwa wateja wa nje, jua tofauti ya saa na jinsi inavyobadilika. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa ya UTC mwaka mzima. London iko nyuma yetu kwa saa mbili majira yao ya joto na saa tatu majira ya baridi. New York iko nyuma kwa saa saba, kisha nane. Kwa hiyo mteja wa New York anayeanza kazi saa tatu asubuhi yake anakukuta wewe ni saa kumi alasiri au saa kumi na moja jioni. Wamarekani hupeleka saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, ilhali Ulaya hungoja Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Majuma hayo ya katikati ndiyo mikutano mingi hupotea. Ukimwandikia mgeni, weka saa 15:00 EAT (saa za Afrika Mashariki). Ukimwandikia Mtanzania mwenzako, mwambie saa tisa alasiri, usimchanganye.

Hatua ya 3: Malizana na watu wa nyumbani

Hii ndiyo hatua ngumu, na hakuna programu ya simu inayoifanya kwa niaba yako. Kwetu mtu anayefanya kazi anaonekana akitoka asubuhi na kurudi jioni. Anayekaa na kompyuta sebuleni yupo tu. Usikasirike. Wape watu alama wanazozijua.

Anza na nguo. Vua dera, au msuli, uvae nguo ambayo ungeweza kwenda nayo dukani. Halafu aga. Mimi husema kwa sauti: "Mama, naingia kazini, natoka saa sita." Nikitoka nasema pia kwamba nimetoka. Mwanzoni watu walicheka. Baadaye mama mwenyewe akawa anawaambia wageni, "Yuko kazini huyo, ngoja saa sita."

Kwa watoto, saa ya ukutani haina maana, kwa hiyo tumia kitu cha kuonekana. Kanga nyekundu ikifungwa kwenye kitasa cha mlango, maana yake niko kwenye simu na mteja. Ruhusa ya kugonga inatolewa kwa mambo matatu: damu, moto, na maji kutoka bombani. Hilo la tatu wakazi wa Dar wataelewa.

Kisha kuna maombi ya ndugu na majirani, ambayo karibu yote huanza kwa "wewe si upo nyumbani". Kukataa kavukavu kutakuletea sifa ya kiburi, na kukubali kila kitu kutakumaliza. Namna inayofanya kazi ni kusalimia kwanza, kutaja saa unayotoka, na kutoa saa mbadala:

"Mwanangu, si upo nyumbani? Naomba umsubirie fundi wa friji."
"Shikamoo shangazi."
"Marahaba."
"Nipo kazini mpaka saa saba. Mwambie fundi aje saa saba na nusu, nitamfungulia mwenyewe."

Shangazi amepata alichokuja nacho na wewe hujapoteza asubuhi. Ukishasema saa saba na nusu, uwepo saa saba na nusu, la sivyo mara nyingine neno lako halitasikilizwa.

Wanawake wana jambo la ziada: jiko. Kama chakula cha mchana ni zamu yako, kiandike kwenye daftari kama kazi, na muda wake. Maharage yachemshe usiku, nazi ikunwe mapema, mchana ubaki na kuunga tu. Kama mko wawili wenye kipato, gaweni zamu za jiko waziwazi mkiwa mmekaa chini. Msingojee mmoja achoke ndipo mgombane. Na siku mteja akilipa, nunua kitu ambacho nyumba nzima itakiona, hata mtungi wa gesi. Heshima ya kazi yako itapanda siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Umeme na mtandao

Asubuhi kabla ya chai, angalia mambo matatu: uniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla), salio la bando, na chaji ya kila kifaa. Kompyuta isiachwe chini ya nusu ya chaji wakati umeme upo.

Kifaa chenye faida kubwa kuliko bei yake ni UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya akiba. Umeme ukikatika, rauta inaendelea kwa saa kadhaa. Kabla ya kununua, soma maandishi chini ya rauta au kwenye adapta yake: nyingi zinatumia volti 12, nyingine 9, na ukikosea unaweza kuiunguza. Pawabenki ya simu kwa kawaida haichaji kompyuta. Inayofaa lazima iwe na wati za kutosha, na kompyuta nyingi zinazochajiwa kwa USB-C zinataka kati ya 45 na 65.

Weka laini mbili za kampuni tofauti. Hilo linakukinga na hitilafu ya mnara au ya kampuni moja, lakini halikukingi na kila kitu. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na mtandao ukadhoofika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za jirani. Siku kama hiyo hata uwe na laini nne, nyingi zinapita bahari ileile. Aliyekuwa ameshusha mafaili yake usiku aliendelea kufanya kazi. Basi kila jioni shusha kila kitu cha kesho, na nyaraka za Google Docs ziruhusu zifunguke bila mtandao.

Ili bando lisiliwe gizani, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya Windows na uitambulishe laini yako kuwa ni ya kulipiwa kwa kipimo. Masasisho makubwa yatasubiri. Kwenye mkutano wa Zoom, salimia kwa video kisha izime. Picha ndiyo inayokula bando, sauti hula kidogo.

Hatua ya 5: Kona yako

Hapa sina mengi. Meza iwe ya kazi hata kama ni ndogo, dirisha liwe ubavuni ili mwanga usikupige machoni wala kwenye kioo. Kompyuta iinue kwa rimu mbili tatu za karatasi mpaka ukingo wa juu wa kioo ufike usawa wa macho, na uchukue kibodi ya pembeni. Kiti cha plastiki kinafaa kikiwekewa mto mgongoni. Joto la Januari na Februari linataka feni. Ielekeze miguuni, karatasi zitatulia na kipaza sauti hakitabeba mvumo.

Hatua ya 6: Fanya kwa vipindi, na kila unaposimama acha alama

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mwitaliano Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi, alianza kujipimia vipindi vya kusoma kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Mbinu yake, Pomodoro, ni dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika. Kwa kujibu barua pepe, ni nzuri. Kwa tafsiri naona ni fupi mno: dakika ya 25 ndipo sentensi zinaanza kukaa sawa. Mimi hutumia 50 na 10. Jaribu, uchague kwa aina ya kazi. Saa ya kupimia isiwe ya simu, na simu ikae chumba kingine.

Kinachozidi urefu wa kipindi kwa umuhimu ni alama unayoacha unaposimama. Kabla ya kuinuka, iwe umeitwa na mtoto au na muuza mchicha, andika mstari mmoja daftarini unaosema utaanza na nini. Usiandike ulichomaliza, andika kinachofuata. Mfano halisi wa kwangu: "Kif. 6(b), 'fidia' au 'malipo'? Angalia 2(a) walitumia lipi, kisha endelea." Mstari huo unachukua sekunde chache kuuandika. Bila huo, ukirudi utasoma ukurasa mzima upya ukitafuta ulikuwa unafikiri nini, na hapo ndipo vidole vinapoitafuta simu.

Hatua ya 7: Siku ambazo mwili hautaki

Zipo, hata ukipanga vipi. Usingoje hamu. Chukua mstari mdogo kuliko yote wenye K au P, ufanye dakika 10, kisha ujiulize kama unaacha. Mara nyingi hutaacha. Ukiacha, basi umechoka kweli, lala nusu saa kwa nia moja kuliko kukaa mbele ya kompyuta ukijidanganya.

Kama uzito huo unajirudia kila wiki, chunguza upweke kabla ya kujiita mvivu. Ofisini kuna mtu wa kulalamika naye kuhusu bosi. Nyumbani hakuna. Tafuta mwenzako mmoja anayefanya kazi kama yako, mpigiane asubuhi dakika tano: leo unafanya nini, jana ulimaliza? Ahadi uliyomwambia mtu ina uzito kuliko uliyojiambia. Pia toka mara moja kwa wiki na kazi ya P mkononi. Dar kuna Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, na mikoani zipo maktaba za mkoa, ambako ukimya ni wa bure au karibu na bure.

Hatua ya 8: Toka kazini

Saa ya kutoka ikifika, andika mistari ya kesho, shusha mafaili, funga kompyuta na uitoe mezani. Itie kabatini. Ikibaki wazi sebuleni, saa nne usiku utajikuta "unaangalia kidogo".

Ijumaa, pitia daftari la wiki na utafute mstari uliohamishwa kutoka siku moja hadi nyingine. Ukihama mara tatu, una tatizo: ama ni mkubwa, ama kuna kitu hujaelewa, ama hutaki kazi hiyo. Mkubwa ukate. Usioeleweka mwulize mteja leo, usingoje Jumatatu. Na kama tarehe haitafikika, omba muda kabla hujaulizwa, ukitaja kilichokwisha na siku mpya: "Sehemu ya 1 na ya 2 nimeambatisha hapa, ya 3 utaipata Jumatano saa 15:00 EAT." Wateja wengi hukubali, kwa sababu wana kitu mkononi cha kuanza kusoma.