Chora duara la kubebea nyama kabla ya kuingia msituni

Anayejiandaa kumwinda musi, yule kulungu mkubwa kuliko wote, katika misitu ya Alaska, achore kwenye ramani duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 1.5 kuzunguka mahali mtumbwi utakapotia nanga, na asimpige risasi mnyama aliye nje yake. Dume mkubwa hutoa takriban kilo 225 za nyama isiyo na mifupa, yaani mizigo saba ya kilo 35, na kwa mtu mmoja hiyo ni karibu kilomita 20 za kwenda na kurudi, nusu yake akiwa na mzigo mgongoni. Sheria ya huko hairuhusu kuitelekeza nyama inayolika, wala pembe kutangulia kuondolewa, na mimi naiona ni sheria ya haki kabisa. Duara hili ni kubwa mno penye kinamasi, ambapo magugu na matope hufika magotini. Hapo lipunguzwe nusu. Wala halisaidii kitu iwapo mnyama aliyejeruhiwa atakimbilia mbali au kuangukia ziwani, kwa hiyo usifyatue risasi akiwa ukingoni mwa duara au amesimama majini.