Mbio zikihamia runinga ya kulipia: namna ya kubaki shabiki bila kukamuliwa

Ijumaa ya Julai 29, 2011, wikiendi ya mbio za Hungary, mashabiki wa Uingereza walipata habari kwamba kuanzia 2012 BBC itaonyesha mubashara nusu tu ya mbio za magari za Formula 1, yaani langalanga, na anayezitaka zote aende Sky akalipie. Mkataba wa awali wa BBC ulikuwa haujaisha. Watu walipiga kelele, na mimi hadi leo nasema walikuwa na haki. Ukimzoesha mtu kitu kwa miaka, akakipanga katika Jumapili zake, akakirithisha kwa watoto wake, huwezi kumgeuzia kibao halafu ukashangaa anapolalamika.

Lakini kelele hazikuzuia kitu. Ufaransa ilihamishwa kutoka TF1 ya bure kwenda Canal+ ya kulipia mwaka 2013. MotoGP, mbio za pikipiki, ikaondoka BBC, na 2014 ikawa ya BT Sport ya kulipia. Mwaka 2019 Sky ikabaki peke yake na karibu mbio zote mubashara Uingereza. Ujerumani, chaneli ya bure ya RTL iliyokuwa ikionyesha langalanga tangu 1991 iliacha kuonyesha msimu mzima mwisho wa 2020. Marekani nako, tangu 2026 mbio ziko Apple TV. Kwa hiyo kama kwako bado ni bure, jiandae, na kama zimeshahama, hapa chini ndivyo ninavyofanya mimi, na ndivyo ninavyowashauri wanaoniuliza.

Soma kilichouzwa kabla ya kutoa hela

Tangazo likisema "mbio zote sasa ni kwetu tu," usiliamini hivyohivyo. Mara nyingi kuna makombo yameachwa nje, na makombo hayo yana shibe yake. Uingereza, mbio za nyumbani kwao, za Silverstone, zilibaki kuonekana mubashara bure, na Channel 4, chaneli ya bure, ikapewa muhtasari wa mbio zote nyingine. Italia nao walibakiziwa mbio zao za nyumbani, za Monza. Ujerumani, baada ya miaka michache ya ukame, RTL ilirudishiwa mbio saba katika msimu wa 2024. Na Austria, jirani yao wa mlango kwa mlango, chaneli za ORF na ServusTV zinagawana mbio na kuzionyesha bila malipo.

Kwa hiyo tafuta tangazo lenyewe la mkataba, lile la chaneli au la waandaaji, badala ya kutegemea uvumi wa kwenye makundi. Angalia ni mbio zipi zimebaki wazi, muhtasari unarushwa na nani na saa ngapi, na mkataba unaisha mwaka gani. Huo mwaka wa mwisho uandike mahali. Tutaurudia.

Piga hesabu kwa mbio, usipige kwa mwezi

Wauzaji wanapenda kukutajia bei ya mwezi kwa sababu inaonekana ndogo. Wewe chukua gharama ya mwaka mzima, pamoja na king'amuzi na intaneti kama ni lazima, ugawanye kwa idadi ya mbio utakazoziona kweli. Msimu wa 2025 ulikuwa na mbio 24. Sasa toa zile zinazoanza usiku wa manane kwako, toa wikiendi za harusi, misiba na kazi. Shabiki mwaminifu kabisa anaweza kujikuta amebaki na 15. Ukigawanya kwa 15 ndipo utajua bei halisi, na ndipo utajua kama moyo wako unaikubali.

Kisha uliza maswali ambayo muuzaji hatayaanzisha. Je, unaweza kulipia mwezi mmojammoja na kukata? Formula 1 huanza Machi na kumalizika Desemba, na Agosti huwa na mapumziko ya wiki kadhaa. Kulipia Januari na Februari ni kuchangia soka usilolitazama. Je, malipo yanajirudia yenyewe? Kama ndiyo, weka ukumbusho kwenye simu siku tatu kabla, maana wengi wanaokamuliwa hukamuliwa hapo hapo, kimyakimya. Je, kuna programu ya waandaaji wenyewe? Formula 1 ilianzisha F1 TV mwaka 2018, MotoGP wana VideoPass, na mbio za rali zina Rally.TV. Kuwa makini tu: katika nchi ambako chaneli imenunua haki pekee, kifurushi kamili cha F1 TV chenye picha za moja kwa moja kinaweza kuwa kimefungwa hata kama jina lake linatangazwa kila mahali. Hakikisha kwa nchi yako kabla ya kuingiza namba ya kadi.

Kuhusu viungo vya wizi, sitakaa sana. Picha inakatika mzunguko wa mwisho, madirisha ya matangazo yanakujazia simu uchafu, na ukurasa unaoulazimisha ufunguke unaweza kukuibia nywila. Binafsi naona pia kwamba ukishatazama kwa wizi unapoteza sauti ya kulalamika, na sauti hiyo tunaihitaji.

Ukiamua kutegemea muhtasari

Muhtasari mzuri ni chakula kamili, ilimradi hujui matokeo. Kazi yote ni kujilinda kwa saa chache. Zima arifa za programu zote za michezo kuanzia asubuhi, na usisahau programu ya habari za kawaida, kwa sababu hiyo ndiyo husaliti watu. Kundi la WhatsApp la mashabiki linyamazishe na uliweke kwenye kumbukumbu, lisikae juu ya orodha, maana hata mstari mmoja wa ujumbe ukichungulia unatosha kukuharibia. Usifungue YouTube kabisa. Picha ya juu ya video huonyesha mshindi akiwa na kombe kabla hujagusa chochote. Na mwambie yule rafiki yako mmoja, kila mtu anaye, asikupigie.

Jifunze kuzitazama mbio kwa namba

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami, kwa sababu ndipo nilipopata furaha ambayo sikuitegemea. Karibu kila mashindano makubwa yana ukurasa wa nyakati za moja kwa moja. Mengine yako wazi, mengine yanataka ujisajili tu. Ukiongeza matangazo ya redio pale yanapopatikana, una mbio nzima mkononi kwa bando dogo sana.

Mjomba wangu alitazama langalanga miaka yote ya dereva Schumacher, na siku hizi macho yake hayaoni maandishi ya simu. Tunakaa, namsomea. Yeye hataki hadithi, anataka pengo, yaani sekunde zinazolitenganisha gari moja na la mbele yake. "Mjomba, pengo ngapi?" Namwambia tatu nukta moja. Mzunguko unaofuata anauliza tena. Mbili nukta sita. Hapo anajivuta mbele kwenye kiti, kwa sababu ameshaelewa: nusu sekunde kila mzunguko, yaani mizunguko mitano hivi gari la nyuma litakuwa limefika.

Hivyo ndivyo inavyofanya kazi. Anza na safu ya pengo, yaache mengine yote. Chukua daftari, andika pengo kati ya magari mawili unayoyafuata kila mzunguko, safu moja chini ya nyingine. Ukiona linapungua kwa kiasi kilekile, gawanya, utajua mzunguko ambao watakutana. Likifika chini ya sekunde moja, mapambano yameanza.

Halafu tazama rangi za vipande vya mzunguko. Mzunguko mmoja wa Formula 1 hugawanywa vipande vitatu. Zambarau ni kasi kuliko mtu yeyote hadi wakati huo, kijani ni kasi bora ya dereva mwenyewe, njano ni kwamba hajaboresha. Dereva aliyekuwa akitoa njano tupu akianza kutoa kijani mfululizo, kuna jambo: amepewa ruhusa ya kukaza, au gari la mbele yake limeondoka njiani.

Matairi nayo yana rangi: nyekundu laini, njano ya wastani, nyeupe magumu, kijani ya unyevu, bluu ya mvua kubwa. Mbio zikiwa kavu kwa kawaida dereva lazima atumie angalau aina mbili, kwa hiyo kuingia piti, kando ya njia wanakobadilishia matairi, hakukwepeki. Kuingia huko hugharimu sekunde 20 na zaidi kidogo, kutegemea uwanja. Ukijua hilo unaweza kubashiri. Mfano: B yuko nyuma ya A kwa sekunde moja na nusu. B anaingia piti kwanza. Mzunguko unaofuata, kwa matairi mapya, anakwenda sekunde mbili haraka kuliko A aliyebaki na matairi yaliyochoka. A akiingia mzunguko huo na kutoka, atajikuta nyuma kwa nusu sekunde. Amepitwa bila magari kukaribiana njiani. Kwenye picha unaweza usione kilichotokea. Kwenye daftari unakiona kikija.

Kama unataka kujizoeza kwa mbio zilizopita, chukua Hungary ya 2019, mwaka uleule ambao Sky ilianza kumiliki peke yake Uingereza. Dereva Verstappen alikuwa akiongoza. Mzunguko wa 48 kati ya 70, timu ya Mercedes wakamwita dereva wao Hamilton piti mara ya pili, wakamtoa na matairi ya wastani akiwa nyuma kwa takriban sekunde 20. Ukiangalia kwa macho tu ungesema wamejimaliza. Sekunde 20, mizunguko kama 20: zinatakiwa sekunde moja kila mzunguko. Tafuta nyakati zao, ziandike, uone pengo likiliwa hadi mzunguko wa 67 alipompita. Nilimsomea mjomba yale mapengo kutoka daftarini, mbio zenyewe zimeshapita zamani, na bado alipiga goti lake kwa kiganja.

Jambo moja la kiufundi: ukiwa na picha na nyakati pamoja, nyakati hutangulia, na picha ya intaneti inaweza kuchelewa nusu dakika au zaidi. Usipoangalia, simu itakuambia nani kapitwa kabla hujaona. Amua kimoja kiwe kiongozi, au tumia ukurasa unaokuruhusu kuchelewesha nyakati.

Mbio za bure bado zipo

Shabiki akinyimwa Formula 1 hujiona amenyimwa magari yote. Hapana. Mbio za saa 24 za Nürburgring, Ujerumani, hurushwa bure YouTube, siku nzima mchana na usiku, magari zaidi ya 100 katika msitu mmoja. Saa 24 za Spa, Ubelgiji, nazo, pamoja na mbio nyingine za mashindano ya magari ya GT World Challenge, zinapatikana kwenye chaneli yao ya GTWorld. Kwa mbio ndefu kama hizi ile stadi ya kusoma mapengo ndiyo hasa inalipa, kwani utalala na kuamka na utataka kujua kilichobadilika.

Lalamika mahali panapouma

Kususa kimya hakumfikii mtu. Kutukana watangazaji kunawaumiza wasioamua lolote. Waamuzi ni waandaaji wanaouza haki, Liberty Media kwa Formula 1 tangu 2017, na timu zenyewe zinagawiwa sehemu ya mapato, kwa hiyo usitegemee timu yako ikupiganie. Anayeumia kweli watazamaji wakipungua ni mdhamini. Yeye amelipa jina lake lionekane ubavuni mwa gari, na mtu asiyeona gari haoni jina. Mwandikie huyo.

Barua iwe fupi. Taja ulifuata mbio kwa muda gani, taja mwaka zilipohama, taja unachoomba, na ombi liwe dogo linalowezekana: mbio za nyumbani zibaki wazi, au mbio ya mwisho wa msimu. Mfano unao. Desemba 12, 2021, Hamilton na Verstappen walifika Abu Dhabi wakiwa na pointi sawa, na Sky ilikubaliana na Channel 4 ili Waingereza wote wazione mubashara bure. Walioshika haki waliamua, ikawezekana ndani ya siku chache. Nakala ipeleke kwa mbunge wako kama nchi yako ina orodha ya matukio ya kitaifa ambayo sheria inayalinda yasifungiwe, na uliza kama mbio zimo. Uingereza, kwa mfano, fainali za Wimbledon zimo, mbio za Silverstone hazimo.

Sasa rudi kwenye ule mwaka uliouandika, mwaka ambao mkataba unaisha. Mazungumzo ya mkataba mpya huanza mapema kabla ya hapo. Peleka barua mwaka mmoja au miwili kabla, wakati bei bado inajadiliwa, na uwaombe wenzako wa kundi kila mmoja aandike ya kwake kwa maneno yake, maana barua 50 zinazofanana huhesabiwa kama moja.