Fundi umeme wa kujitegemea Mbeya: kuanza kazi na kuvuka kifuku (miezi ya mvua) ukiwa na hela

Mwongozo huu ni wa fundi ambaye kazi anaijua, amechoka kulipwa kwa siku chini ya fundi mwingine na sasa anataka kuchukua kazi zake mwenyewe. Nazungumzia umeme wa majumbani kwa sababu ndio ninaoufanya, ingawa fundi bomba na fundi rangi nao watajikuta humu.

Huku kwetu hela ina msimu. Mahindi na viazi vikishatoka shambani, mpunga wa Mbarali na Kyela ukiuzwa, kahawa ya Mbozi ikienda mnadani, simu ya fundi haipumziki. Desemba ikielekea kuisha, kimya. Wengi husingizia mvua, lakini nyumba ikishaezekwa mvua haimzuii mtu kuvuta nyaya. Kinachotukwamisha ni mbolea: hela ya mteja imeshamwagwa shambani, na iliyobaki Januari inaliwa na sare na madaftari. Hatua zote hapa chini zimepangwa kwa kuangalia miezi hiyo.

Hatua ya 1: Karatasi

Ukiwa na kitambulisho cha NIDA, chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, kwa TRA. Haiuzwi, kwa hiyo anayekudai hela ya TIN anakuibia. Kama unayo uliyoichukua kwa ajili ya leseni ya udereva, hiyo si ya biashara, omba ibadilishwe. Kisha leseni ya biashara ya halmashauri. Kusajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kunaweza kusubiri mpaka uanze kufukuzia kazi za shule na kampuni.

Isiyosubiri ni leseni ya ufungaji umeme ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Ofisi yao ya kanda ipo hapahapa Mbeya. Mteja anapoomba kuunganishiwa umeme TANESCO, fomu yake inahitaji mkandarasi mwenye leseni. Usipokuwa nayo, unafanya kazi yote halafu unamtafuta mtu wa kugonga muhuri, naye anakula sehemu ya jasho lako. Kama ufundi uliupata mtaani bila cheti, VETA wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa aina hiyo. Anzia hapo.

Hatua ya 2: Hesabu pointi ukiwa na mwenye nyumba

Usitaje bei kwenye simu. Nenda saiti, zunguka chumba kwa chumba na mwenye nyumba, andika kwenye daftari pointi zote, yaani kila sehemu itakayofungwa kifaa: taa, swichi, soketi, feni, heta, pampu. Ugomvi mwingi hauanzii kwenye bei, unaanzia kwenye kuhesabu. Je, soketi ya matundu mawili ni pointi moja au mbili? Taa na swichi yake vinahesabiwa pamoja au kila kimoja peke yake? Sema mapema, andika. Yule mama atakayesema "fundi, niongezee na taa ya nje hapo" wakati ukuta umeshapigwa lipu, mwonyeshe mstari unaosema nyongeza ina bei yake. Ukimfanyia bure ya kwanza, zitafuata nyingine tatu.

Hatua ya 3: Mkataba wa ukurasa mmoja

Kazi ya mdomo imewatia umaskini mafundi wengi kuliko kukosa kazi. Ukurasa mmoja unatosha: idadi ya pointi, hela ya ufundi, nani ananunua vifaa, na malipo kwa awamu. Mimi hugawa hivi: asilimia 40 kabla ya kutindua ukuta na kulaza paipu, asilimia 40 nyaya zikishavutwa, asilimia 20 baada ya kufunga swichi, soketi na mein swichi na kupima. Awamu ya pili ilipwe kabla hujafunga hata swichi moja. Taa zikishawaka, mteja anakuwa na mambo mengi mengine ya kulipia. Kazi ikiwa kubwa, sainini mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Vifaa mwachie mteja alipie mwenyewe dukani, Mwanjelwa au kokote anakopenda. Wewe mwandikie orodha. Andika kwa ukamilifu: waya wa 1.5 (milimita za mraba) wa taa, wa 2.5 wa soketi, roli ngapi, breka za ampia ngapi. Akisisitiza upokee hela ukanunue wewe, chukua risiti ya EFD yenye jina lake. Hela ya vifaa ikipitia kwenye simu au akaunti yako bila maelezo, siku ya makadirio ya kodi itaonekana ni mauzo yako, wakati faida yake hukuiona.

Hatua ya 4: Igawe hela siku hiyohiyo

Fungua laini au akaunti ya kazi tu, tofauti na ya nyumbani. Kila malipo yaingie huko kwanza, hata ya kufunga soketi moja. Tuseme kazi ya Uyole imekupa hela ya ufundi Sh. 600,000. Saidia fundi siku 9 kwa Sh. 15,000 ni Sh. 135,000. Bajaji na kubeba ngazi, Sh. 40,000. Biti za drili, tepu na vocha, Sh. 35,000. Umebaki na Sh. 390,000, na hizo zote bado si zako: Sh. 60,000 weka ya kodi na leseni, Sh. 50,000 ya zana, Sh. 100,000 ya kifuku. Nyumbani zinakwenda Sh. 180,000.

Najua inauma. Mtaani umeonekana umelipwa laki sita, na shemeji ameshasikia.

Hatua ya 5: Hesabu ya kifuku

Andika nyumba inakula kiasi gani kwa mwezi, bila kujidanganya. Ikiwa ni Sh. 350,000, Januari hadi Aprili inahitaji Sh. 1,400,000. Ukizikusanya kuanzia Juni hadi Desemba, miezi 7, ni Sh. 200,000 kila mwezi. Kibubu sikushauri, kiko karibu mno na mkono. VICOBA ni vizuri iwapo mgawo wao unaangukia Desemba au Januari. Uliza kabla ya kujiunga. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja, nao unafaa, kwa kuwa unatoa hela unapoihitaji lakini si saa ileile unapopata hamu. Kifuku pia tafuta kazi za marekebisho kwa wenye mshahara wa kila mwezi: shule, zahanati, nyumba za kupanga za Forest na Soweto.

Hatua ya 6: Kodi

Kampuni au taasisi ikikulipa huduma, itakata kodi ya zuio, asilimia 5. Hiyo ni kodi yako iliyotangulia, kwa hiyo dai hati yake na uitunze. Kwa makadirio, nenda TRA na daftari la mapato na matumizi. Asiye na kumbukumbu hukadiriwa kwa macho. Mwaka wa Januari hadi Desemba hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Tazama ya Machi inavyoangukia kwenye ukame wa hela. Ndiyo maana ile Sh. 60,000 haiguswi Agosti.

Hatua ya 7: Mkopo

Mikopo ya riba kubwa ya kausha damu kaa nayo mbali, hasa Februari. Ukihitaji mtaji wa drili nzito au mashine ya kukatia ukuta, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi bila riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Utahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba na akaunti ya benki. Anza kwa kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.