Kuandaa makala ya taaluma mtambuka kuhusu mabadiliko ya tabianchi

Kilimo cha mwani cha Zanzibar, kilichoanza kibiashara mwaka 1989 na kinachowategemea zaidi wanawake, kinaonyesha vizuri kwa nini taaluma moja haitoshi. Mtaalamu wa bahari hupima joto la maji linaloidhoofisha kotonii, aina ya mwani, hadi matawi yake yakapauka na kukatika. Mchumi hufuatilia kipato. Mwanasosholojia huwasikiliza wakulima waliolazimika kupanda spinosamu, aina nyingine ya mwani inayostahimili zaidi lakini bei yake ni ndogo. Wakitaka kuchapisha makala moja, wakubaliane swali moja kabla hawajakusanya data, kwa sababu mswada uliounganishwa mwishoni husomeka kama ripoti tatu zilizoshonwa pamoja, na wahakiki, yaani wataalamu wanaoutathmini mswada kwa niaba ya jarida, huliona hilo upesi.

Mpangilio wa majina ya waandishi nao uandikwe mapema, pamoja na mchango wa kila mmoja.

Chagueni jarida kabla ya kuandika. Climatic Change, lililoanzishwa na Stephen Schneider mwaka 1977, hupokea kazi za taaluma nyingi. Global Environmental Change huzingatia zaidi upande wa jamii na sera. Western Indian Ocean Journal of Marine Science, la WIOMSA, chama cha wanasayansi ya bahari wa Bahari ya Hindi Magharibi chenye makao yake Zanzibar, huwafikia wasomaji wa ukanda wetu.

Sehemu ya mbinu ndiyo inayostahili jasho kubwa zaidi. Elezeni kipimajoto kiliwekwa kina gani na kilisomwa wakati gani wa maji kujaa na kupwa. Kisha, kwa uzito uleule, elezeni wakulima walichaguliwaje, waliulizwa nini, na majibu yao yalichambuliwaje. Inasikitisha kuona mahojiano yakipewa aya moja baada ya kurasa za vipimo, kana kwamba maarifa ya mkulima ni pambo. Linganisheni miezi ya joto iliyorekodiwa na miezi ya hasara wanayoikumbuka wakulima, na pale inapotofautiana msifiche, kwa kuwa huenda tofauti hiyo ndiyo matokeo yenye thamani kuliko yote.

Katika barua kwa mhariri, pendekezeni wahakiki wa sayansi asilia na wa sayansi za jamii, kama jarida linaruhusu, na mtaje vibali vya utafiti na vya maadili. Mkichagua jarida la ufikiaji huria, ambalo wasomaji hulisoma bure lakini mara nyingi waandishi hulipia uchapishaji, ombeni msamaha wa ada hiyo mnapowasilisha mswada, kwani wachapishaji wengi huusamehe au kuupunguza mzigo huo kwa nchi zilizo katika Research4Life, mpango unaozipatia taasisi za nchi zenye kipato kidogo machapisho ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu, lakini aghalabu hawapokei ombi baada ya makala kukubaliwa.