Tengeneza mambo ya kazi yako wakati mshahara bado unaingia

Wenzangu wa ofisini hapa Kampala, na nyie wa Arua, Jinja, Mbarara na kwingine, nataka tuongee hili mapema manake wengi wetu tunaanza kutafuta CV siku barua ya kuachishwa kazi ishatoka, na siku hiyo kichwa hakifanyi kazi kabisa, unawaza karo na kodi ya nyumba tu. Mimi yalinikuta 2020. Tuliitwa watu 13 chumba kimoja saa nne asubuhi, saa sita tuko nje, laptopu zimebaki ndani, na kwenye ile laptopu ndo kulikuwa na kila kitu changu, barua ya ajira, tathmini za kila mwaka, slipu za mshahara. Miezi nilihangaika kuvikusanya tena.

Na usiseme ofisi yangu ni kubwa haiwezi kutikisika. UNRA, mamlaka ya barabara, iliajiri watu wengi sana na 2024 ikavunjwa, kazi zake zikarudi wizarani. UCDA, mamlaka ya kahawa, nayo hivyo hivyo. Alafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada, na watu wa NGO, wengine walikuwa na kontrakti nzuri tu, wakajikuta nyumbani ndani ya wiki chache. Hawa wote walikuwa wanajua kazi yao vizuri.

Sa fanya hivi. Leo jioni chukua simu, piga picha barua ya ajira, kontrakti, barua za kupandishwa, slipu, tathmini, tuma kwa imeili yako mwenyewe, sio ya ofisi. Makaratasi yako wewe tu lakini, usiguse orodha za wateja wala siri za kampuni, hilo litakufukuzisha kabla ya wakati. Kama umefanya kazi miezi sita na hujawahi kupewa karatasi yoyote, iombe kwa heshima, sheria ya ajira ya 2006 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu uanze.

Ukimaliza hapo fungua NSSFGo, app ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, uangalie michango yako mwezi kwa mwezi. Wewe unakatwa 5% ya mshahara, mwajiri anaongeza 10%, na inatakiwa ifike NSSF ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Mimi nilikuta mapengo ya miezi saba, banange, na kwenye slipu nilikuwa nimekatwa kila mwezi! Nilibeba slipu nikaenda NSSF wenyewe wakafuatilia hadi hela ikaingia. Bila zile slipu ningesema nini? Ila hiyo hela usiihesabu kama ya dharura. Kuchukua 20% ya akiba yako ni mpaka ufike miaka 45 na uwe umeweka miaka 10, kwa hiyo kijana wa miaka 32 kupoteza kazi peke yake hakumfungulii mlango.

Hela ya dharura ni nyingine. Andika nyumba yako inakula kiasi gani kwa mwezi, chakula, kodi, umeme, nauli ya taksi, karo igawe kwa miezi, alafu lenga miezi mitatu ya hiyo. Usiiache kwenye simu itaisha kwa boda na vocha. Sakko (chama cha akiba na mikopo) ni nzuri ila uliza kwanza hisa zinatoka baada ya muda gani, manake wengine wanasubiri sana. Dhamana za serikali za muda mfupi (treasury bills), yani unaikopesha serikali, za siku 91 unaanzia shilingi 100,000 kupitia benki yako.

Kinachoniuma zaidi ni mkopo wa mshahara. Mtu ana kontrakti ya mwaka mmoja anachukua mkopo wa miaka minne, ananunua gari, na mradi ukifungwa benki inaendelea kupiga simu. Muda wa mkopo usizidi muda wa kontrakti yako, basi. Kama ushachukua, nenda uulize kama una bima ya kupoteza kazi, wengine wanayo na hawajui wanailipia.

Kuhusu kazi yenyewe, sogea karibu na kile ambacho ofisi haiwezi kuacha. Mfano EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, watu wa kodi, kila biashara iliyosajiliwa VAT lazima iitumie na wafanyabiashara wengi wadogo inawasumbua, kwa hiyo karani anayeijua vizuri anaweza kupata vibarua vya Jumamosi huko madukani Kikuubo hata kama ofisi imefungwa. Jifunze kazi ya jirani yako pia, akienda likizo jitolee kumshikia.

Na watu wako wa zamani watafute sasa, kabla hujawa na shida. Ujumbe mfupi tu, "Dada habari za siku nyingi, nimekukumbuka, mko salama huko? Mimi bado niko kwenye mahesabu, saa hii nasimamia bajeti mbili. Nipe habari zako." Usiombe kitu. Siku ukiomba atakuwa anakumbuka unafanya nini.

Sa barua ikija kweli, usisaini siku hiyo hiyo, hasa kama wanakuambia uandike mwenyewe kwamba umeacha kazi. Omba nakala uende nayo nyumbani. Notisi ya kisheria ni mwezi mmoja kama umefanya kazi kuanzia mwaka 1 mpaka 5, miwili kwa miaka 5 hadi 10, mitatu kwa zaidi ya hapo, na siku za likizo ulizobakiza zinalipwa. Wakitoa watu 10 au zaidi ndani ya miezi mitatu wanatakiwa wamjulishe kamishna wa kazi, sisi 13 hatukujua hilo na hakuna aliyeuliza. Ukiona umeonewa nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya, Kampala ni KCCA, halmashauri ya jiji, ndani ya miezi mitatu, usikae unasubiri bosi abadilishe moyo. Omba pia cheti cha utumishi kabla hujatoka.

Na kadi ya bima ya matibabu mara nyingi inazimwa siku ile ile ya kuondoka. Kama macho yanakusumbua au mtoto ana jino bovu, mpeleke wiki hii.