Pilau la watu mia tatu: namna ya kupanga chakula cha harusi kinachopikwa nyumbani

Familia nyingi za pwani ya Tanzania, kuanzia Tanga hadi Kilwa, bado hupika chakula cha harusi uani kwao badala ya kulipia kila sahani ukumbini, na sababu kubwa ni gharama. Hata hivyo, kupika nyumbani hakupunguzi gharama kwenyewe. Nimeshuhudia shughuli zilizopikwa uani zikala fedha nyingi kuliko za ukumbini, kwa kuwa kila shangazi aliongeza chakula chake kwenye orodha: wali, pilau, ndizi za nyama, kuku wa kukaanga, chapati, tambi. Mgeni anayewekewa vyakula sita huchota kidogo katika kila kimoja, lakini mpangaji hulazimika kuandaa cha kutosha katika vyote sita, maana hajui kipi kitakimbiliwa. Ushauri wangu ni kuchagua chakula kimoja kikuu, kukipika vizuri na kwa wingi, kisha kukizungushia vitu vidogo vya bei nafuu.

Kwa mtazamo wangu chakula hicho ni pilau. Biriani ni tamu, lakini mchuzi wake hupikwa mbali na wali, hutaka vitunguu vingi vya kukaanga na maziwa ya mgando, na hula nyama zaidi. Wali wa nazi una kazi ya kukuna na kukamua, na isitoshe huchacha upesi katika joto letu. Katika harusi moja ya kwetu wageni walichelewa kwa saa tatu tu, na sufuria mbili za wali wa nazi zikaishia kumwagwa. Pilau hubeba nyama, viazi na wali katika chungu kimoja, na likipaliwa makaa vizuri hukaa na moto wake kwa muda mrefu.

Kabla ya kwenda sokoni, hesabu watu, si kadi. Ukigawa kadi 150, na 100 kati yake zikawa za watu wawili wawili, tayari una wageni 250. Ongeza wapishi, wahudumu, madereva, wapiga ngoma na majirani ambao hawakupewa kadi lakini hakuna atakayewazuia mlangoni, nao kwa kawaida hawapungui 50. Watoto wadogo wahesabiwe wawili kwa mtu mmoja. Sasa una watu 300, na hiyo ndiyo namba ya kushikilia. Mtu akija siku mbili kabla ya harusi kukuambia kwamba wajomba wa bara wanakuja na basi zima, utajua ni kilo ngapi za kuongeza bila kuhangaika.

Kipimo ninachotumia ni gramu 120 za mchele mkavu kwa mtu, yaani kilo moja kwa watu wanane au tisa, ambacho kwa watu 300 ni kilo 36. Wazee waliozoea pishi na vibaba watakupa hesabu yao, na mara nyingi haitofautiani sana na hii. Nyama iwe kilo 24 za mchanganyiko wenye mifupa. Usikubali kushawishiwa kununua steki, kwa sababu mfupa ndio unaotoa supu, na supu ndiyo inayolipa pilau ladha yake. Mwombe muuza nyama akate vipande vya kiasi cha gramu 40, upate vipande 600 hivi, viwili kwa kila mtu. Ukiacha ikatwe mapande makubwa kama ya mchuzi wa nyumbani, wa kwanza watapata minofu na wa mwisho watapata viazi. Viazi mviringo navyo viwe kilo 12. Viungo vingine ni vitunguu maji kilo 8, kitunguu saumu kilo moja, tangawizi kiasi cha nusu kilo na mafuta ya kupikia lita 5.

Viungo vikavu vinataka uangalifu, kwa sababu havikui sambamba na mchele. Karafuu zinazonukia vizuri katika sufuria ya kilo mbili, ukizizidisha mara kumi na nane, zitafanya pilau liwe chungu kama dawa ya meno. Kwa kilo 36 mimi hutumia binzari nyembamba gramu 350, mdalasini na pilipili manga gramu 100 kila kimoja, iliki gramu 75 na karafuu zisizozidi gramu 30. Nunua viungo vizima sokoni, uvikaange kidogo na kuvitwanga siku moja kabla, kwani vilivyosagwa dukani mara nyingi vimekaa muda mrefu na harufu yake imekwisha.

Jambo linaloharibu mapilau mengi ya shughuli ni maji. Nyumbani tumezoea kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya maji, lakini katika sufuria kubwa mvuke unaopotea ni mdogo ukilinganisha na wingi wa mchele, kwa hiyo kipimo kile kile hutoa bokoboko. Anza na lita moja na nusu kwa kila kilo ya mchele, supu ikiwa imo ndani ya hesabu hiyo, na uweke pembeni maji yanayochemka ya kuongeza. Tena mchele nao hutofautiana: uliovunwa karibuni hunywa maji machache na hushikana, ilhali uliokaa ghalani hunywa mengi na hubaki chembe chembe. Kwa hiyo nunua gunia mapema, na wiki moja kabla ya harusi pika kilo mbili kutoka gunia hilo hilo. Mlo huo wa familia utakufundisha maji, chumvi na muda kuliko maelekezo ya mtu yeyote, yangu yakiwemo.

Usipike kilo zote 36 katika sufuria moja, hata kama jirani ana sufuria inayotosha. Sufuria tatu za kilo 12 hugeuzika kwa mwiko bila kuponda wali, kila moja humpata mpishi wake wa kuiangalia, na ikiungua moja harufu haifiki kwenye nyingine. Masufuria, masinia na sahani huazimwa au kukodiwa kwa bei ndogo kutoka vikundi vya akina mama mtaani. Andika idadi ya kila chombo wakati wa kupokea, mbele ya aliyekukabidhi.

Ikiwa chakula kinatakiwa saa saba mchana, kazi igawanywe hivi. Mchele uchambuliwe mawe siku mbili kabla. Usiku wa mkesha akina mama wamenye vitunguu, viazi na saumu, kazi ambayo hata hivyo huenda pamoja na nyimbo na umbeya, na hakuna anayeihesabu kuwa kazi. Nyama iletwe alfajiri siku yenyewe, ianze kuchemshwa saa kumi na mbili asubuhi pamoja na tangawizi, saumu na chumvi. Saa nne vitunguu vikaangwe hadi viwe vya kahawia iliyokolea, kwa maana rangi ya pilau hutoka hapo. Mpishi mwenye haraka akivitoa vikiwa bado vyeupe, atajaribu kuficha kosa lake kwa rangi ya dukani. Viungo, nyama, viazi na supu vifuate, kisha uonje: mchuzi huo uzidi chumvi kidogo, kwani mchele utaichukua. Mchele uliooshwa uingie saa tano, na maji yakikaribia kukauka, punguza kuni, funika na upalie makaa juu ya mfuniko.

Hapo ndipo wengi hujiuliza kwa nini wasipike usiku ili asubuhi wapumzike. Wali uliopikwa ukapoa polepole kwenye sufuria kubwa ni mahali pazuri pa kukulia vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na sumu inayotengenezwa na baadhi yao haiondoki hata ukiupasha moto tena. Pilau lipikwe siku ile ile, libaki juu ya makaa hadi linapopakuliwa, na lililokwisha kupakuliwa lisikae nje zaidi ya saa mbili.

Kachumbari ikatwe saa moja tu kabla ya kula, na chumvi na ndimu vitiwe mwisho, la sivyo itaogelea. Nyanya kilo 12, vitunguu kilo 6 vilivyooshwa kwa chumvi na karoti kilo 4 zinatosha. Nyanya zikipanda bei, kabichi iliyokatwa nyembamba hujaza pengo bila mtu kulalamika. Ndizi mbivu moja kwa kila mgeni ni desturi ya kwetu na haina mapishi. Juisi ya ukwaju iwe lita 100 hivi, itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa, na barafu nayo itoke kwenye maji ya namna hiyo. Vitamutamu viwe visheti, vinavyoweza kukaangwa siku tatu kabla na kuhifadhiwa kwenye ndoo yenye mfuniko, wala si kaimati, ambazo humfunga mtu jikoni siku ya harusi.

Upakuaji usiachwe kwa wageni. Weka wapakuaji wawili kwa kila sufuria, wapime kwa bakuli moja la ukubwa uliokubaliwa, na nyama wazihesabu kwa macho. Mkila kwa masinia, watu wanne kwa sinia ni bora kuliko sita, kwa kuwa sinia la watu sita hujazwa kupita kiasi na nusu yake hurudi jikoni ikiwa imeshikwashikwa. Tenga mapema sehemu ya wazee waliobaki nyumbani na ya wahudumu wanaokula mwisho, na uifungie chumbani. Ukoko hauingii katika hesabu hii; huo ni wa wapishi, na anayetaka aende akawaombe.